Diski iliyokuwa sdb leo imekuwa sdc

Ndugu, diski yako ya data haijaharibika eti kwa sababu tu leo, ulipowasha kompyuta na fleshi ikiwa imechomekwa, imeonekana kama /dev/sdc badala ya /dev/sdb. Linux hugawa herufi hiyo ya mwisho ya jina kwa kadiri inavyozitambua diski, na mpangilio huo hubadilika. Namba ya mwishoni, kama sdb1, ni ya patisheni, yaani sehemu ya diski iliyogawanywa. Kwenye NVMe (aina ya SSD yenye kasi) utaona nvme0n1p1.

Kwa hiyo ndani ya /etc/fstab (faili linaloiambia Linux ifungue patisheni zipi inapowaka) usiandike /dev/sdb1. Endesha amri lsblk -f, nakili UUID (kitambulisho cha kipekee) ya patisheni, uiweke pale: UUID=... Hiyo haibadiliki mpaka ufomati upya.

Na tafadhali sana, kabla ya kufomati, hakiki ukubwa na modeli kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL. Niliwahi kuamini herufi peke yake, nikafuta picha zote za harusi ya dada yangu.