Programu moja kubwa, au mbili zilizounganishwa?

Ndugu mleta mada, umeuliza iwapo timu yenu, ambayo tayari ina programu ya kukokotoa mtiririko na nyingine ya kukokotoa mkazo katika kuta za mabomba, iandike upya kila kitu ndani ya programu moja au iunganishe hizo mbili zilizopo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, kwanza katika utafiti na baadaye kwa wahandisi wa viwandani, na ushauri wangu ni kwamba muunganishe, ila muda wenu mwingi muuweke kwenye mpaka ambapo programu hizo zinakutana.

Hewa inapopita juu ya bamba la chuma, bamba huwa zito mno kuliko hewa, kwa hiyo inatosha kila programu ikokotoe mara moja katika kila hatua ya muda kisha zibadilishane matokeo. Mambo hubadilika pale kimiminika kisichobanika kinapokuwa na densiti inayokaribiana na ya ukuta unaokizunguka, kama damu ndani ya mshipa. Hapo kimiminika hufanya kazi kama uzito wa ziada ulioshikamana na ukuta, na hesabu huyumba kwa nguvu inayoongezeka hadi inavunjika. Nilipokutana na hali hiyo nilipunguza hatua ya muda, kama tulivyozoea sote, na kila nilipoipunguza hesabu ilivunjika mapema zaidi. Wiki nzima ilipita nikitafuta kosa katika msimbo usiokuwa na kosa. Katika mpangilio wa kubadilishana mara moja, hatua ndogo huzidisha tatizo hilo. Kinachosaidia ni kurudia mabadilishano ndani ya hatua ileile mpaka pande zote mbili zikubaliane, huku kila marekebisho yakipunguzwa kwa kizidishi kinachokadiriwa upya katika kila mzunguko, kwa njia ya Aitken.

Njia ya kutatua milinganyo yote kwa pamoja, yaani ile programu moja kubwa, ni imara zaidi, na mfumo huria wa MOOSE, ulioanzishwa mwaka 2008 katika maabara ya Idaho nchini Marekani, unaonyesha kwamba inawezekana kwa kiwango kikubwa. Lakini inadai kila fizikia iandikwe ndani ya mfumo mmoja, na ninyi mna msimbo uliokwisha kuaminiwa. Kwa hali yenu ningeanza na preCICE, maktaba huria iliyotoka vyuo vikuu vya Ujerumani, ambayo huunganisha programu zilizopo na tayari ina njia hizo za kutuliza mabadilishano.

Jambo linalonisumbua zaidi ninapokagua kazi za wengine ni uhamishaji wa data kati ya nyavu mbili zisizolingana, yaani vigawanyo vidogo ambavyo kila programu huligawa umbo ili ikokotoe. Halijoto na mwendo wa ukuta huhamishwa kwa namna inayohifadhi thamani ya kila mahali, ilhali nguvu na joto linalovuka mpaka lazima vihifadhi jumla. Katika mradi mmoja tulitumia namna ya kwanza kwa vyote. Picha zilipendeza, lakini sehemu ya joto ilikuwa ikipotea mpakani bila mtu kujua, hadi tulipojumlisha kilichotoka upande mmoja na kilichopokelewa upande wa pili. Tangu hapo kila programu ninayoiandika huandika jumla hizo mbili katika kila hatua.

Uhakiki uanze kabla ya muungano. Chagueni jibu lolote linalobadilika taratibu bila mruko, liingizeni katika milinganyo ili mpate chanzo (neno la ziada la kuongeza kwenye mlinganyo) kinachoendana nalo, kisha punguzeni upana wa tundu la wavu kwa nusu: njia ya daraja la pili, yaani ile ambayo kosa lake hufuata mraba wa upana wa tundu, lazima ipunguze kosa takriban mara 4. Baada ya hapo jaribuni tatizo la Turek na Hron la mwaka 2006, la ulimi laini unaopepea nyuma ya silinda, ambalo matokeo yake ya rejea yamechapishwa.

Ukiniandikia unene wa kuta za mabomba yenu, kuta hizo zimetengenezwa kwa nini, na kama ndani ya mabomba hupita maji au gesi, nitaweza kukuambia iwapo mabadilishano ya mara moja yatawatosha.