Mashindano ya kuvua kwa mshipi kwa ajili ya watoto wagonjwa: ni kamari?

SWALI: Asalaam alaykum dada, sisi vijana wa Wete, Pemba, tunataka kufanya mashindano ya kuvua, kila mvuvi atoe ada, pesa tuwape familia zenye watoto wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar. Sasa mzee mmoja katuambia hiyo kamari, tumekwama.

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na Mungu awalipe kwa nia hiyo. Huyo mzee msikilizeni, shida ni zawadi ya mshindi ikitoka kwenye zile ada za wavuvi, maana hapo mmoja anakula cha wenziwe. Zawadi ombeni kwa wenye maduka, hata kama ni mashine kuukuu ya boti au roli la mshipi, ada yote iende kwa watoto, halafu muulizeni na sheikh wenu kabla hamjatangaza.

Upepo wa kusi ukiwa mkali msithubutu, ngojeni bahari itulie, Novemba hivi, na ngarawa isitoke bila jaketi la kuokolea. Mshipi tu, nyavu hapana. Samaki wakishapimwa pale dikoni pigeni mnada hapohapo, nguru na jodari hawakosi mnunuzi, na hiyo pia ni pesa ya watoto.

Halafu jamani, watu wanafikiria dawa tu, lakini mama akivuka na mtoto kuna nauli ya boti, kuna kula, kuna pa kulala Dar wiki nzima na zaidi huku nyumbani kaacha wengine wadogo, kwa hiyo kaeni na hizo familia kwanza muwaulize wamepungukiwa nini. Na picha za watoto msirushe kwenye magrupu, tafadhalini sana.