Ripoti ya MRI ikikuacha njia panda

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Kichwa kinamsumbua tangu mwaka jana, amepiga MRI, kile kipimo cha picha za ubongo, na ripoti inasema kibakuli cha mfupa kinachobeba tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kinaonekana kitupu. Basi, imeishia hapo. "Nina uvimbe au sina? Nirudie kipimo?" Nimeusoma ujumbe huo na moyo ukanienda mbio, maana njia hiyo nimeipita.

Ripoti yangu ilisema nina vidoa vidogo kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, visivyo mahususi, yaani visivyoonyesha ugonjwa mmoja dhahiri, vilinganishwe na hali ya mgonjwa. Aliyenikabidhi bahasha hakunikaribisha hata kiti. "Mama, kuna vitu kwenye ubongo wako, tafuta bingwa," akaita anayefuata. Usiku ule nilikesha nikipanga nani atabaki na wanangu. Maneno yale bado yananiuma, na sitaacha kusema kwamba mgonjwa hapewi habari za ubongo wake mlangoni.

Bingwa wa mishipa ya fahamu niliyempata baadaye hakuanza na ripoti. Kinauma upande mmoja au kote? Mwanga unakukera? Unatapika? Kinakuja karibu na hedhi? Mama yako naye anaumwa hivi? Akanipima presha, akachungulia ndani ya macho kwa kifaa chenye taa, akanigonga magoti. Ndipo akafungua picha kwenye kompyuta. Maji ya ubongo yalikuwa meusi tii, na pembeni vidoa vyangu vikang'aa kama punje za mtama. Akanieleza kwamba vidoa vya namna ile huonekana kwa wenye kipandauso, kwa wenye presha, na kwa watu wengi wasioumwa chochote kadiri umri unavyosogea. Changu kilikuwa kipandauso. Alikijua kwa maelezo yangu, kwa sababu hakuna picha inayokithibitisha.

Ndugu zangu, mtaalamu wa radiolojia anaiona picha, hakuoni wewe. Ukipelekwa kwake na karatasi iliyoandikwa "kichwa kinauma" tu, unategemea akuandikie nini? Mweleze daktari wako kinaanzaje, kinakaa saa ngapi, kinaamshwa na nini, na umemeza dawa za maumivu siku ngapi kwa mwezi. Hilo la dawa msilifiche: panadol zikifika siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, zenyewe zinaweza kuendeleza maumivu. Andika kila siku kwenye daftari. Na ukienda kwa bingwa beba picha zenyewe, CD au filamu, usibebe ripoti peke yake. Dar es Salaam, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, inajulikana kwa mifupa, lakini ubongo na mishipa ya fahamu pia ni kazi yao. Na acheni kuzungusha ripoti kwenye makundi ya WhatsApp, nawaomba sana.

Dada wa Mwanza, kibakuli kitupu hakimaanishi uvimbe, na wengi wanacho bila ugonjwa wowote. Lakini kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, hasa mwenye uzito mkubwa, maumivu ya kichwa pamoja na kibakuli hicho yanaweza kuashiria kwamba presha ya maji ya ubongo imepanda, na presha hiyo ikiachwa hupofusha. Kabla ya kurudia MRI, nenda kwa daktari wa macho atazame nyuma ya jicho kama mshipa wa fahamu wa jicho umevimba. Ukiwa umevimba, watapima presha hiyo kwa sindano ya uti wa mgongo. Dawa ipo, na kupunguza uzito kunasaidia kweli.

Wapo wasiotakiwa kusubiri miadi yoyote: ambaye kichwa kimempasuka ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, aliyelegea upande mmoja, anayeanza kuona giza, mjamzito ambaye maumivu haya ni mageni kwake, na mwenye VVU ambaye kichwa kinamuuma. Hao waende hospitali leo hii.