Natumia dawa ya presha, mapigo hayafiki namba ya kwenye chati ya jimu: nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 56, kazi yangu ni ya mezani. Nina presha, na kila asubuhi nameza bisoprololi na amlodipini. Nikipima siku hizi inacheza kwenye 134/84. Daktari aliniruhusu mazoezi, nikajiunga na jimu mwezi uliopita. Ukutani kuna chati inayosema mtu wa umri wangu mapigo yake yawe kati ya 115 na 139. Mimi nikipanda mashine ya kutembea najikaza mpaka jasho linanichuruzika, lakini namba inagoma kwenye 104. Mwalimu wa pale ananiambia niongeze kasi hadi nifike. Juzi nililazimisha, nikafika 111, ila niliposhuka nilisikia kizunguzungu, ikabidi nishike ukuta. Je, moyo wangu umechoka? Halafu wenzangu wananikataza kugusa vyuma kwa sababu ya presha, na goti la kulia huniuma nikishuka ngazi. Nibaki na mashine ya kutembea tu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Acha kuifukuza hiyo namba kuanzia leo. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayemeza bisoprololi.

Dawa hiyo iko kwenye kundi linalozuia adrenalini isiuchochee moyo. Atenololi, metoprololi, karvediloli na propranololi ni ndugu zake. Kupunguza mwendo wa moyo ni sehemu ya kazi iliyoletwa kufanya, ukiwa umekaa na hata ukiwa unatoka jasho. Ni spidi gavana ya basi: dereva akanyage mafuta mpaka mwisho, mshale hauvuki pale ulipofungwa. Kwa hiyo 104 yako inaweza kuwa kazi ileile ambayo mwenzako asiyetumia dawa anaifanya kwa 125. Amlodipini haina tabia hiyo. Yenyewe inatanua mishipa ya damu, nayo nitairudia kwenye kile kizunguzungu. Namba kugoma peke yake, kwa mtu wa dawa kama zako, si dalili ya moyo kuchoka.

Chati yenyewe imetokana na hesabu moja fupi: 220 toa umri. Kwako inatoa 164, kisha wakachukua asilimia 70 hadi 85 ya hapo. Hesabu hii ilienea baada ya mwaka 1971, pale Samuel Fox, William Haskell na wenzao walipokusanya takwimu za tafiti zilizokuwepo na kuona zinakaribia mstari huo. Ilikuwa makadirio tu. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake wakatoa nyingine, 208 toa umri uliozidishwa kwa 0.7, ambayo kwako inatoa kama 169. Ni bora kidogo kwa watu wazima, lakini nayo ni wastani: watu wawili wa miaka 56, wote wazima wa afya, wanaweza kupishana mapigo 20 na zaidi. Mwalimu wako hesabu hajaikosea. Alichokosea ni kutokukuuliza unameza nini, na swali hilo lilipaswa kuwa kwenye fomu ya kujiunga kabla hata ya jina la mtu wa kupigiwa simu.

Sasa utapimaje? Kwa mdomo wako. Ukitembea kwa mwendo wa wastani unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini ukijaribu kuimba huwezi. Hapo ndipo pa kukaa sehemu kubwa ya muda wako. Ukiona unaishia maneno matatu unavuta hewa, umeingia kwenye kazi nzito. Huko utakwenda baadaye, kwa dakika chache chache. Kuna pia vipimo vya kujipa alama alivyovitengeneza Gunnar Borg wa Sweden, ambapo unakadiria mwenyewe ugumu wa kazi. Ukitumia kile cha sifuri mpaka kumi, sifuri ni kupumzika na kumi ni mwisho wa uwezo wako. Wewe lenga tatu hadi nne kwa wiki za mwanzo. Wapo wanaodhani njia hii ni ya kubahatisha kwa sababu haina skrini, lakini kwa mtu wa dawa yako ni ya kuaminika kuliko vile vishikio vya mashine, ambavyo mkono ukiloa jasho tu vinasoma vinavyotaka.

Kama unapenda namba, ipo njia ya halali: mwombe daktari akupime moyo ukiwa kwenye mazoezi, na siku hiyo umeze dawa zako kama kawaida. Namba itakayotoka hapo ndiyo yako. Usiruke dozi ya asubuhi ili mapigo yapande vizuri jimu. Najua wapo wanaofanya hivyo. Bisoprololi na ndugu zake zikikatwa ghafla, moyo unarudi kwa fujo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba bila kujijua anaweza kupata shambulio.

Kizunguzungu cha juzi nakishuku hivi. Ukitembea kwa kasi, mishipa ya miguuni inatanuka, na misuli ya mapajani na vigimbi vya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Ukisimama ghafla, msukumo unakatika lakini mishipa bado iko wazi, tena amlodipini imeiongezea upana, na bisoprololi haiuruhusu moyo kukimbia ili kufidia. Damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Dawa yake ni kutoshuka ukiwa moto: punguza kasi polepole kwa dakika tano hadi kumi mpaka pumzi itulie, shuka, endelea kutembea ukumbini kidogo, kisha kaa. Maji unywe. Na baada ya mazoezi usiingie chumba cha mvuke wala sauna, maana joto linatanua mishipa hiyohiyo kwa mara ya tatu. Hata hivyo tukio hilo mweleze daktari, na ukiwa nyumbani pima presha ukiwa umekaa, halafu baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpelekee daktari taarifa hiyo mapema. Kizunguzungu kikija ukiwa bado unatembea, au kikiambatana na kubanwa kifua, maumivu ya taya au mkono, au moyo kudunda ovyo, simama na utafute huduma siku hiyohiyo.

Nije kwenye vyuma, ambavyo kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya mtu wa umri wako kulipa ada ya jimu. Kutembea unaweza kutembea popote bila kulipa mtu.

Kuanzia miaka ya thelathini mwili unapunguza misuli taratibu, na baada ya sitini kasi inaongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko nyama yenyewe, na nyuzi za misuli zinazotangulia kusinyaa ni zile za haraka, zinazokudaka ukijikwaa. Kutembea hakuzigusi sana nyuzi hizo. Zinaamshwa na mzigo. Na umri si hoja: mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee wa makao ya Boston, wastani wa umri miaka 90, waliofanya mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Wewe wa 56 bado kijana kwao. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya kuongeza pumzi, kama kutembea kwa kasi, na pamoja na hayo mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Wenye magonjwa sugu kama presha nao wamo.

Wenzako hawakutunga hofu yao. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliingiza kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyuaji wazoefu wakati wakisukuma uzito kwa miguu, na presha ikapanda hadi wastani wa 320 kwa 250. Lakini hao walikuwa wanakwenda hadi ukingoni mwa nguvu zao, na pumzi wameibana. Ondoa vitu hivyo viwili na hali inakuwa nyingine kabisa. Sheria zako basi ni hizi: toa hewa wakati wa kusukuma, vuta wakati wa kurudisha, na ukiona shida kukumbuka, hesabu kwa sauti, kwani anayehesabu hawezi kubana pumzi. Usikamue vishikio kwa nguvu zote. Usilale kwenye benchi linaloteremsha kichwa chini ya moyo. Usifike kwenye rudio ambalo uso unakunjamana na chuma kinatetemeka. Na siku presha ukiwa umepumzika inasoma 180 kwa 110 au juu ya hapo, huo si muda wa jimu, ni wa kumpigia daktari.

Tuchukue mashine ya kusukuma kwa miguu, maana ndiyo itakayokusaidia hata kwenye goti. Kabla hujagusa uzito, rekebisha kiti: ukikaa miguu ikiwa kwenye ubao, magoti yasikunjwe kupita pembe mraba, na kwa goti lako anza hata kabla ya hapo. Nyayo zikae upana wa mabega, kisigino kisinyanyuke. Chagua uzito ambao ukishausukuma mara 12 unahisi ungeweza nyingine nne au tano. Sukuma kwa sekunde mbili huku hewa ikitoka, usinyooshe goti likakakamaa mwishoni, kisha rudisha kwa sekunde tatu. Hiyo sehemu ya kurudisha wengi wanaiachia chuma kidondoke, na kelele zake unazisikia ukumbi mzima. Wewe usiiachie, kwa sababu ndiyo inayofanana na kushuka ngazi. Goti linakuuma ukishuka kwa kuwa msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki huku ukirefuka, na kama ni dhaifu, mzigo unaangukia nyuma ya kifuniko cha goti. Breki ndiyo unayoifundisha hapa.

Maumivu ya goti yapime hivi: yakiwa hayazidi tatu kwa kumi wakati wa zoezi, na kesho yake goti liko kama lilivyokuwa, endelea. Likiamka limevimba au unachechemea, punguza uzito au kina cha kukunja, usiache zoezi zima. Ile mashine ya kukaa na kunyoosha mguu mbele iache kwa sasa, inalibana goti kama lako bila sababu. Goti likiwa linajifunga au linakuangusha, hilo la kuonwa kwanza. Na tafadhali usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili uende jimu. Dawa hizo zinapandisha presha na kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha, tena zinakunyamazishia goti wakati unapolihitaji liseme.

Kwa siku mbili za nguvu kwa wiki, zikipishana angalau saa 48, mazoezi matano au sita yanatosha: kusukuma kwa miguu, kuvuta kuelekea kifuani, kusukuma kutoka kifuani, kuvuta kutoka juu, kuinuka kitini bila mikono, na kubeba dambeli mbili huku ukitembea. Fanya seti moja, yaani marudio ya mfululizo bila kupumzika, kila zoezi kwa wiki mbili za kwanza, baadaye mbili. Pumzika dakika moja hadi mbili kati ya seti. Ukiweza kufika marudio 15 mara mbili mfululizo na bado umebakiza, ongeza hatua moja ndogo ya mashine. Usiongeze kwa sababu unajisikia vizuri tu: msuli unapata nguvu ndani ya wiki chache, kano zinachukua miezi, na hapo ndipo wageni wengi wa umri wetu huumia bega au kisigino, kwenye wiki ya sita au ya nane mambo yakiwa yamenoga. Maumivu ya misuli ya siku moja hadi tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo si ya kawaida.

Siku nyingine tatu au nne tembea nusu saa kwa kipimo cha mdomo. Kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki kunakupa mazoezi ya kusawazisha mwili bila gharama. Unga wa kuongeza nguvu wanaouza kaunta uache, mwingi umejaa kafeini.

Mwisho, hili la kufuatilia. Pima presha asubuhi kabla ya dawa, siku mbili tatu kwa wiki, na uandike pamoja na uzito ulionyanyua. Mazoezi ya kudumu huishusha presha, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa dozi ya leo inaweza kuanza kukuzidi: ukianza kuona namba za juu chini ya 110, au unayumba ukitoka kitandani, mpelekee daktari hilo daftari ili yeye ndiye apunguze.