Alama na zawadi kwa wagonjwa wa presha: inategemea unawashindanisha katika nini

Ndugu uliyeuliza kama wagonjwa wa presha watahudhuria kliniki zaidi wakipewa alama na zawadi, kama wachezaji wa mchezo wa simu, jibu langu ni kwamba watahudhuria, ila angalia sana unachokipa alama.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mtwara. Mradi mmoja ulituletea kadi za kugonga muhuri: anayefika siku yake anagongewa, na kadi ikijaa anachukua mche wa sabuni. Baraza la zahanati lilijaa watu. Kisha wenye mradi wakabandika ukutani majina kwa kufuata vipimo, aliyeshusha presha zaidi akiwa juu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye dawa zake alikuwa akizimeza kama alivyoelekezwa, alilikuta jina lake mkiani. Akajitanda khanga, akaondoka bila kupimwa. Wengine wakawa wanameza vidonge vya siku kadhaa kwa mkupuo usiku wa kuamkia kliniki ili namba ipendeze, jambo ambalo ni hatari tupu, achilia mbali siri ya mgonjwa iliyoanikwa ukutani.

Orodha ilipobanduliwa, tuliwagawa watu katika vikundi vya majirani, na alama ikawa ni ya kikundi kizima kwa yale yaliyo mikononi mwa mgonjwa: kufika kliniki na kutokatisha dawa. Msimu wa korosho, watu wanapohamia mashambani, majirani ndio waliokumbushana, na sabuni zilipokwisha vikundi kadhaa viliendelea.

Utafiti nao unaonyesha pande zote mbili. Mchezo wa simu wa Pokémon Go, unaomtaka mchezaji atembee huku na huko, ulipotoka mwaka 2016, wachezaji waliochunguzwa Marekani waliongeza takriban hatua 1,000 kwa siku katika wiki ya kwanza, lakini kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi pale pale. Kwa upande mwingine, utafiti wa mchezo wa kompyuta uitwao Re-Mission, uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha vijana 375 wenye saratani, ulionyesha kwamba walioucheza walizingatia dawa zao vizuri zaidi. Na mchezo wenyewe unamwonyesha kijana jinsi dawa inavyopambana na seli za saratani mwilini.

Kabla ya kununua sabuni, hakikisha kwanza dawa zipo, kwa sababu mgonjwa aliyegongewa muhuri kisha akaambiwa akanunue dawa duka la nje hatarudi kufuata muhuri mwingine.