Ulimi wako haukuulizwa unapenda nini: kuamua pombe ya asali kwa haki

Msomaji mmoja amenitumia karatasi ya alama. Pombe yake ya asali ilipata 24 kati ya 50, na maelezo ya jaji yalikuwa sentensi moja: "Haina utamu wa kutosha." Aliiandikisha kwenye kundi la pombe kavu, yaani isiyo tamu! Kulalamikia ukavu wa pombe kavu ni kumwadhibu mtu kwa kutimiza alichoahidi, na makosa ya namna hii ni mengi kuliko majaji wanavyokubali.

Basi kabla ya kumimina, soma alichotangaza mtengenezaji. Mwongozo wa BJCP, mpango wa kuthibitisha majaji wa bia na pombe ya asali ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, unadai mambo matatu: utamu (kavu, tamu kiasi au tamu), gesi (haina, kidogo au nyingi) na nguvu. Nyepesi ni asilimia 3.5 hadi 7.5 ya kilevi, ya kawaida 7.5 hadi 14, nzito 14 hadi 18. Pombe kavu hubaki kati ya 0.990 na 1.010 kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki: namba ikipanda, sukari ni nyingi zaidi. Lakini mezani hakuna haidromita, na ulimi hudanganyika kirahisi. Uchachu, ukakasi wa tanini na gesi huficha sukari, kwa hiyo pombe ya 1.015 yenye uchachu mwingi unaweza kuapa kuwa ni kavu. Usikimbilie kusema mshiriki amekosea kundi.

Panga glasi kuanzia kavu kwenda tamu, na ndani ya utamu uleule, nyepesi kabla ya nzito. Yenye pilipili iwe ya mwisho hata kama ni kavu, maana baada yake huonji kitu. Mililita 30 hadi 50 zinatosha. Ikiwa imetoka kwenye barafu, ishike viganjani ipate joto kidogo, kwa sababu baridi kali huficha harufu nzuri na mbovu pamoja. Manukato na rangi ya mdomo uviache nyumbani.

Nusa mara tu inapomiminwa, kwa kuwa harufu za salfa hutoweka haraka. Ukinusa yai bovu, sababu ya kawaida ni hamira kukosa nitrojeni, chakula chake ambacho asali inacho kidogo mno. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi ni jambo jingine: kwa kawaida ni salfaiti iliyotiwa ili kuhifadhi. Majaji wengi huziandika zote mbili "salfa" na kumwacha mtengenezaji akihangaika na chakula cha hamira ambacho hakikuwa na tatizo.

Kuungua kooni nako kunahitaji utulivu. Pombe ya asilimia 16 ina haki ya kupasha kifua joto. Ikiwa ya asilimia 11 inachoma na kunuka kama kiyeyushi cha rangi, hapo ndipo useme uchachushaji ulifanyika kwenye joto la kupita kiasi au hamira ilielemewa. Siki ina maana bakteria na hewa viliingia. Karatasi iliyolowa ni oksijeni, ingawa dokezo la njugu na matunda makavu katika pombe nzito ya miaka mingi linaweza kuwa sifa yake. Na kuna asali nyeusi ambazo kwa asili yake hunukia ngozi au zizi. Jaji asiyejua hilo huandika "imeharibika" na kukata alama kumi za mtu aliyeitunza asali yake vizuri kuliko wote mezani.

Mgawo wa alama ni huu: harufu 10, mwonekano 6, ladha 24, hisia ya jumla 10. Ukungu wa pombe isiyo angavu unakatwa kwenye zile 6 basi, usiuburute hadi kwenye ladha. Katika ladha tafuta mizani. Pombe tamu isiyo na uchachu wala ukakasi inakinaisha baada ya mafunda mawili, na kukinaisha huko ndiko kosa. Utamu wenyewe hauna hatia.

Glasi ya kwanza huonewa kila mara, kwa sababu jaji anabana alama akisubiri bora zaidi. Irudie baada ya ya tatu. Tema, suuza kwa maji, tafuna mkate mkavu usio na chumvi, na pumzika baada ya sita au saba. Anayejisifu kuwa ulimi wake hauchoki ndiye ambaye ulimi wake umeshachoka.

Andika alama kabla ya kufungua mdomo, na uso usiseme chochote. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama 7, onjeni tena wote wawili. Mwenye cheo asitumie cheo. Alama za huruma pia ni dhuluma: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa anayeumia ni mshiriki aliyestahili 40 akafungana na wa 31.

Maelezo yawe na kilichopo, chanzo kinachowezekana, na la kujaribu. Mfano: "Yai bovu hafifu, limepotea baada ya dakika 5, gawa chakula cha hamira mara tatu au nne, umalize kabla theluthi ya sukari haijaliwa." Usimwambie "umetumia hamira mbaya" kana kwamba ulikuwepo.

Ukikuta siki au karatasi iliyolowa, omba chupa ya pili kabla ya kuandika alama. Kifuniko kimoja kilicholegea kinatosha kuharibu chupa moja, huku nyingine za pipa hilohilo zikiwa salama.