Ruta za 5G zilizofungwa laini moja: mkuu, usitoe hayo mafao

Mkuu, usilipe. Kama umeshatoa advansi, kaombe irudi leo, hata wakikukata kidogo.

Nimesoma uzi wako mpaka mwisho na nimeshindwa kupita kimya kimya kama kawaida yangu. Umelipwa mafao baada ya kupunguzwa kazini. Kampuni ya simu ambayo wewe mwenyewe umeandika kwamba "inasuasua" inakupa uwakala wa eneo: unachukua ruta zao za 5G kwa jumla, pesa taslimu, unauza, na kila mteja akinunua bando unapata kamisheni. Unauliza kampuni itapona au itakufa, hisa zake zikiingia sokoni ununue au uache, intaneti ya setilaiti itaiua 5G au la, na 6G inakuja lini. Halafu katikati ya hayo yote, kama mtu anayetaja rangi ya boksi, umeandika: "ruta zimefungwa laini yao ila hilo si tatizo." Yaani hazipokei laini ya kampuni nyingine yoyote. Na wachangiaji wamejaza kurasa wakibishana kasi ya 5G! Hakuna hata mmoja aliyegusa hiyo sentensi.

Mimi naigusa kwa sababu ilinimaliza.

Enzi za CDMA, ile teknolojia ya mtandao iliyokuwa inashindana na GSM ya simu zetu za kawaida, nilikuwa na fremu ya simu hapa Dar, ndogo lakini inatembea. Vocha za mitandao yote, chaja, kava, simu za bei ya kawaida. Akaja meneja mauzo wa kampuni moja (jina nalihifadhi, humu jukwaani kuna wanasheria wengi kuliko mahakamani), shati limenyooka, kompyuta mpakato kwapani, slaidi zina mishale na yote inapanda. Akaniambia GSM inazeeka. Akaniambia CDMA inabeba watu wengi zaidi kwenye mnara mmoja, sauti safi, intaneti haina mpinzani. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kwenye utaalamu hakunidanganya. Hata hao wa GSM walipoleta 3G, ndani yake walitumia mbinu ya CDMA. Ila mimi nilisikia "teknolojia bora" nikaelewa "biashara bora", nikafungua pochi.

Vocha zao peke yake zisingeniumiza. Vocha ikidoda unapunguza bei, unaimaliza, unasonga mbele. Kilichoniua ni mzigo wa simu na modemu. Mawakala wajanja waliuchukua mali kauli, wakawa wanalipa wakishauza. Mimi nikaambiwa nikilipa taslimu napata punguzo, naitwa wakala mkuu, na nafungiwa bango juu ya duka. Bango, mkuu! Nilitoa akiba yote nikaongezea na mkopo wa kikundi, kwa sababu ya bango.

Sasa zile simu zilivyokuwa. Simu ya GSM ukichoshwa na mtandao unatoa laini, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Nyingi za zile zangu hazikuwa na pa kuweka laini kabisa. Namba iliingizwa ndani ya simu na kampuni yenyewe. Modemu nazo hivyo hivyo. Kwa hiyo kila kilichokuwa kwenye shelfu langu kilikuwa kinaongea na mtandao mmoja tu duniani, na ule mtandao ukilala, na mimi nimelala.

Ukaanza kulala. Kwanza kamisheni ikachelewa, nikiuliza naambiwa "mfumo unaboreshwa". Ukaboreshwa mpaka kamisheni ikapotea kabisa. Kisha wateja wa pembezoni wakaanza kuja: simu haisomi nyumbani, inasoma nikifika mjini. Nikaitetea kampuni, mimi mwenyewe, bure, bila mshahara. Nikasema ni mvua. Nikasema ni umeme. Baadaye kijana mmoja wa ufundi wa kampuni ile ile akaninong'oneza kwamba minara si yao, wamepanga, na kodi haijalipwa. Nikampigia meneja mauzo. Akasema nitulie, mwekezaji mpya yuko njiani na anakuja na 4G.

Nikatulia. Tena nikaongeza mzigo, usicheke, maana walishusha bei "kumaliza stoo kabla ya 4G". 4G gani itaingia kwenye simu ya CDMA isiyo na hata tundu la laini? Sikujiuliza. Mtu akishafungiwa bango hajiulizi.

Siku mtandao ulipozimwa wateja hawakwenda makao makuu. Makao makuu wangeyajulia wapi? Walikuja kwenye fremu yangu, kila mmoja ana risiti yenye mhuri wangu. Wengine niliwarudishia nusu, wengine niliwapa simu ya kawaida tukabadilishana, na mama mmoja alikaa kwenye benchi bila kusema neno mpaka nikafunga duka. Mzigo uliobaki niliupeleka Kariakoo. Fundi akachambua chaja na betri zinazofaa, yaliyobaki akaniambia niondoke nayo, yanamjazia meza. Yule meneja alishahama zamani. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anamwaga sera za "fursa" nyingine kabisa, shati bado limenyooka. Bango mwenye fremu aliezekea choo, na kusema ukweli halijawahi kuvuja.

Modemu moja ninayo nyumbani. Nikianza kumshauri mtu habari za biashara, mke wangu anaitoa kwenye droo anaiweka mezani. Haongezi neno.

Kwa hiyo shika hii moja: usinunue kwa pesa yako kifaa kinachoongea na kampuni moja tu. Usianze hata kubishana kama kampuni ni nzima au mgonjwa.

Sasa, kwenye uzi umejitetea kwa Sprint, kampuni ya simu ya Marekani, kwamba nayo ilielemewa na madeni, watu wakaicheka, halafu masafa yake (mawimbi ya redio iliyopewa kurushia mtandao) yakageuka dhahabu ya 5G. Kweli kabisa. Ila umetusimulia mwisho, umewaruka walioumia katikati.

Sprint waliungana na kampuni nyingine ya simu, Nextel, mwaka 2005, wakajikuta na mitandao miwili isiyoelewana, CDMA yao na iDEN ya Nextel, yote inataka umeme na mafundi. Mwanzoni mwa 2008 walifuta vitabuni kama hasara karibu dola bilioni 30 kwa ajili ya ndoa hiyo, na iDEN yenyewe hawakuizima mpaka 2013. Mtu mwenye mitandao miwili inayomtafuna ungetegemea apumue kwanza. Wao mwaka huo huo wa 2008 wakaingia kwenye wa tatu: WiMAX, aina mojawapo ya 4G, kupitia kampuni ya Clearwire, na pesa za Intel, Google na makampuni ya kebo humo ndani. Kwa kuwahi, waliwahi kuliko wote. 2010 wakatoa HTC EVO 4G, simu ya kwanza ya 4G Marekani, watu wakaigombania. Kabla mwaka haujaisha washindani wao Verizon wakawasha LTE, aina nyingine ya 4G isiyoelewana na WiMAX, watengenezaji wa simu na mitandao mingi duniani wakaenda huko, na 2011 Sprint wenyewe wakatangaza kwamba nao wanahamia LTE. Aliyenunua EVO kwa ajili ya 4G akabaki na 4G isiyoweza kusoma LTE ya mtu yeyote, hata ya Sprint waliomuuzia. WiMAX ikaja kuzimwa 2016.

Na hayo masafa ya dhahabu, ya 2.5 GHz? Walikuwa nayo miaka yote hiyo! Masafa ya juu namna hiyo hayafiki mbali na yanachoshwa na kuta, kwa hiyo yanataka minara mingi, minara inataka pesa, na pesa ilikuwa inaenda kwenye riba. SoftBank wa Japani waliingia 2013 na dola zaidi ya bilioni 21, bado haikutosha. Aprili 2020 washindani wao T-Mobile wakaichukua kampuni, wakayawasha yale masafa kwenye minara yao, ndiyo hiyo 5G unayotusifia. Mwenye hisa wa kawaida wa Sprint alipewa hisa moja ya T-Mobile kwa kila hisa zake 9.75 hivi. Wewe kwenye hadithi hiyo umejiweka upande wa masafa. Mkuu, ukichukua hizo ruta wewe ni mwenye EVO, tena mwenye stoo nzima ya EVO.

Njoo hapa jirani uone upande wa pili. Essar wa India walipoiacha kampuni yao ya simu ya yuMobile Kenya mwaka 2014, wateja walikwenda Airtel na miundombinu ikaenda Safaricom. Kampuni iliondoka, lakini simu ya mteja ilikuwa GSM kama zote, akaendelea kuitumia. Na muuza simu wa River Road, Nairobi, hakulala na njaa kwa sababu hiyo, mzigo wake uliuzika kesho yake. Hiyo ndiyo tofauti ninayokupigia kelele hapa tangu mwanzo.

Kuhusu kampuni yako kupona, mimi siangalii matangazo ya 5G, naangalia kodi ya minara. Kampuni nyingi za simu siku hizi hazimiliki minara, zinapanga, na mikataba mingi imekuwa ikihesabiwa kwa dola wakati bando linauzwa kwa shilingi. Kuongeza bei ya bando huwezi, mteja anahama, na Tanzania tangu 2017 anahama na namba yake. (Wewe na ruta zako mtahamia wapi?) Sasa 5G ya 3.5 GHz ina tabia zile zile za masafa ya Sprint, inafika karibu, inataka vituo vingi na faiba nyuma yake. Mwenye pesa anabeba. Anayesuasua anaiwasha mitaa michache, anakata utepe, anapiga picha. Telkom Kenya mwaka 2023 deni lake kwa ATC, wenye minara, lilipofika pabaya minara ilizimwa na wateja wakakosa mtandao, na ile ni kampuni ambayo serikali ina mkono ndani yake. Mwenye mnara ana lugha moja tu.

Halafu jiulize kwa nini wanataka taslimu. Kampuni yenye nguvu ikitaka wateja wa intaneti ya nyumbani, ruta inaiuza kwa hasara, wakati mwingine inaitoa bure kabisa, kwa sababu inajua itarudisha kwenye bando miezi yote inayofuata. Hiyo ni kazi ya mtaji wao. Kampuni yako imekutafuta wewe, mstaafu wa lazima, uibebee hiyo hasara na ufungiwe bango. Wamekuahidi bango? Sema kweli.

Kama mguu umeshaingia na uwakala unautaka kweli, wabane hivi. Ruta wakupe mali kauli, unalipa ukishauza. Wakikataa, nunua Kariakoo ruta zilizo wazi, zinazokubali laini yoyote, na uhakikishe kwenye boksi kwamba zinasoma 4G ya mitandao yetu na masafa ya 3.5 GHz, maana kuna zinazoingizwa kutoka nje hazisomi 5G ya hapa hata ukiomba dua. Utanunua ghali kidogo, sawa. Ukiziuza unawawekea wateja laini ya kampuni yako, kamisheni unaipata ile ile, na kampuni ikiyumba mteja anabadili laini na mhuri wako kwenye risiti hauna kesi. Usikubali kuambiwa "zitafunguliwa baadaye". Nani atazifungua, ofisi ikishafungwa?

Hiyo 6G wenye viwango vyao wanalenga 2030 huko, mafao yako hayana subira hiyo. Mengine wadau watakujibu.

Ila jioni hii fungua mkataba, tafuta kipengele kinachosema ruta zisizouzwa zinarudishwaje na pesa inarudi ndani ya siku ngapi. Kipige picha, funika majina, kiweke hapa tukisome. Kama hakipo andika tu "hakipo", na simu ya huyo mwenye shati usiipokee mpaka tuongee.